Tandu Chini ya Kitanda cha Mama

Kitu cha kwanza wazee waliona ni viatu. Viatu vyeusi vilivyopakwa rangi mpaka vinang'aa, vikitoka kwa dirisha la chumba cha mama yangu, soli mbele. Halafu soksi. Halafu suruali ya suti ya kijivu ambayo Festus alikuwa ameazima kwa binamu yake huko Kitale. Halafu Festus mwenyewe, mzima, akaanguka katikati ya sukuma wiki, tochi yangu bado inawaka mkononi mwake. Mchana kweupe, jua limesimama juu ya Bungoma yote, na yeye na tochi.

Wazee walikuwa chini ya turubai, wanakula. Zachary, mjomba wa Festus aliyekuja kumsemea, alikuwa ameinua firigisi ya kuku, ile ya heshima, iko katikati ya sahani na mdomo. Ikabaki hapo hapo. Baba mdogo Jotham, ambaye tangu baba yangu afariki ndiye alikuwa kichwa cha boma letu, ndiye aliongea kwanza.

"Mkwe," akasema, "kwani mlango wetu una shida gani?"

Watu wakacheka. Haya yote nimesimuliwa mara nyingi mpaka sasa naona kama nilikuwa nje na wao. Sikuwa nje. Nilikuwa ndani ya hicho chumba, mgongo wangu kwa ukuta, nikisikia hicho kicheko na nikijua hakina maisha marefu.

Hiyo ilikuwa Agosti ya themanini na tisa. Hadi leo mtu akisema "dirisha" mbele yangu, masikio yanachoma.

Mimi ni mtu wa habari. Nikiwa na habari siwezi kula, siwezi kuketi, inanitembea mwilini kama siafu. Nyumbani waliniita Redio. Mtu akipata mimba kijijini nilijua, mtu akiachwa nilijua, na kabla ya jioni wengine pia walijua. Nilipoenda college Kitale kusomea ualimu, Mama alinishika mkono kwa stendi akaniambia, "Naliaka, huko usome pia kunyamaza." Sikusoma hiyo. Nilisoma biolojia.

Mwalimu wetu Bwana Kibiwott alikuwa anapenda wadudu kuliko watu, na hakuficha. Kwa maabara alikuwa na tandu ndani ya mitungi ya vioo. Wote waliishi kidogo wakafa. "Tandu hazai ndani ya sanduku," alituambia, kama mtu anayetangaza sheria. "Hapa hakuna aliyeweza. Mkiweza nyinyi, niiteni, nitakuja na kofia mkononi."

Darasa lilicheka. Mimi nilichukua kama ameniita kwa jina. Na nyuma ya darasa kulikuwa na kijana mmoja mwembamba ambaye pia hakucheka.

Huyo ndiye Festus. Jike tulimpata sisi wawili chini ya mabua yaliyooza nyuma ya shamba la college, mnene, mweusi mgongoni, kichwa chekundu kama ametoka kwa moto. Tulimwita Madam kwa sababu alitembea kama matroni wetu, polepole, akigusa kila kitu kama anatafuta vumbi. Wa kiume Festus alimtoa Lwakhakha alipoenda kumwona dada yake. Alimleta kwa mkebe wa mafuta ya Kimbo uliotobolewa na msumari, ameupakata njia nzima. Wasichana wengine waliletewa mafuta ya kujipaka. Mimi nililetewa tandu dume, miguu rangi ya chungwa, na bana, nilijua napendwa.

Tuliwaweka kwa kasha la mbao lenye kioo upande mmoja, udongo na maganda ya miti ndani. Tulitega macho. Jioni moja dume akaanza kumpapasa Madam na vile vipembe vya kichwani, taratibu, kama kipofu anayeuliza wewe ni nani. Wakazunguka, kichwa kwa mkia. Halafu dume akafuma wavu mdogo chini, mweupe, mdogo kuliko ukucha, akaacha tone ndani yake. Madam akapita juu ya huo wavu, akalichukua. Hakuna kingine. Festus alinishika kidole kimoja tu cha mkono, na mimi nikafikiria, kumbe hata hivi inawezekana.

Mayai ya kwanza aliyataga chini ya kitanda changu college. Na mimi nifanye nini? Niliita dormitori nzima. Walikuja na taa, wakasukumana, wakapiga kelele. Madam alikuwa amejikunja kuzunguka yale mayai ya manjano kama mtu aliyekumbatia mtoto kwenye baridi. Mwanga ukampiga. Akainua kichwa. Halafu akaanza kuyala, moja baada ya lingine, ametulia kama mama anayetafuna njugu matangani. Wasichana walikimbia. Mimi nilibaki nikiangalia mpaka yakaisha.

"Ameona watoto wataliwa," Bwana Kibiwott aliniambia kesho yake. "Basi ameona heri awale yeye."

Hakunigombeza. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Likizo ya Agosti nilibeba kasha nikaenda nalo nyumbani Bungoma, Madam ameshapandwa tena. Mama yangu ni mwanamke anayepiga pasi hata vitambaa vya jikoni. Mjane, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwanamke ambaye jirani hajawahi kumwona bila kitambaa kichwani. Aliliangalia kasha, akaniangalia.

"Hiyo kitu hailali nyumba hii."

Nilimbembeleza kama ni mimi nitazaa. Chumba chake ndicho kilikuwa na giza na joto, kwa sababu ukuta wake uko karibu na jiko la nje. Mwishowe akasema, "Chini ya kitanda yangu, kwa sababu huko hakuna mtu anaingia. Na usiambie mtu, Naliaka. Umesikia? Watasema mjane anafuga dawa." Nikaapa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuinama kumwona. Alilala amekunja miguu, ndiyo hivyo tu.

Madam alitaga wiki ile ile ambayo watu wa Festus walikuwa wanakuja kuzungumza mahari.

Sasa lazima uelewe kwetu. Mkwe wa kiume na mama wa mke hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja, hawali wakionana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwa majani mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima. Mama aliyekuzalia mke unamwogopa kama jua, unajua liko lakini huliangalii. Kwa hivyo siku hiyo Mama alishinda jikoni nje, anapika kuku za watu ambao hatakiwi kuwaona wakila. Mama alimwita Festus "yule kijana". Jina lake hakutaja hata mara moja.

Na mimi nina habari. Siku mbili nimeimeza.

Festus alipotoka chini ya turubai kuja kunawa mikono nyuma ya nyumba, nilikuwa hapo, nimesimama kando ya pipa la maji.

"Ametaga," nikamwambia.

"Nani?"

"Nani tena? Madam! Ameyazunguka hivi." Nikamwonyesha na mikono.

Alisahau suti. Alisahau mahari, wazee, kila kitu. "Acha, bana!"

"Haki ya Mungu."

"Wako wapi?"

"Chini ya kitanda cha Mama."

Akarudi nyuma. "Hapana. Naliaka, huko siingii hata nyumba ikiungua."

"Mama yuko jikoni. Si unamsikia?" Na kweli alisikika, anagombana na Senge, shangazi yangu, juu ya chumvi. "Unachungulia tu, unatoka. Nimefunga tochi na karatasi nyekundu, hataona mwanga. Kwani hii kitu tumeingojea na nani? Si ni mimi na wewe?"

"Wazee wakijua?"

"Nani atawaambia?"

Akaniangalia, akacheka. Nikacheka pia. Wote wawili tulijua nani.

Tuliingia na mlango wa nyuma. Chumba cha Mama kilinukia sabuni na nafthalini. Festus alisimama kidogo mlangoni, nikamsukuma mgongoni na kiganja. Hicho kiganja nakikumbuka. Akapiga magoti kando ya kitanda cha mama mkwe wake, akainua shuka, akaingiza kichwa na mabega huko chini.

Ndipo Mama akaingia.

Alikuwa amejimwagia mchuzi. Aliingia haraka, tayari anavuta rinda juu ya kichwa, anaongea ndani ya kitambaa. Alikuwa ameona miguu yangu tu. "Naliaka, nipe ile ya zambarau, hii imeharibika, na watu wanataka kuletewa chai…" Rinda likatoka. Mama yangu akabaki na petikoti nyeupe, ile yenye kiraka kiunoni, nywele wazi, zimeanza mvi ambazo hata mimi sikuzijua.

Na kutoka chini ya kitanda, sauti ya Festus, tamu, imejaa furaha: "Naliaka, anayalamba! Njoo uone, anayalamba moja moja!"

Sauti yangu ambayo haijawahi kukosa, ilikosa.

Akajitoa. Akageuka. Wakaangaliana.

Mama hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliketi chini pole pole, hapo hapo mlangoni, kama mtu aliyeambiwa keti. Akavuta shuka la kitanda akajifunika kichwa. Kichwa peke yake. Mgongo ukabaki wazi, na kiraka.

Festus aliangalia mlango. Kupita angelazimika kumruka mama mkwe, au kumgusa. Akaangalia dirisha.

Hayo mengine nimeshasema.

Kicheko cha nje kilikufa Senge alipoingia, akaona, akatoka. Hakusema mengi. Alisema, "Mkwe amemwona mama," basi. Nilisikia maji yakimwagwa, watu wananawa mikono kabla ya kumaliza chakula. Zachary alivua kofia, akaomba radhi huku anaangalia ardhi. Firigisi ilibaki kwa sahani, kuku waliobaki hai ndio waliila.

Jotham alikuja tena baada ya kuonana na Zachary. Alinikalisha kwa kiti cha sebuleni, akasema akiwa amesimama, ndiyo nijue si mazungumzo.

"Macho ya huyo kijana yamemvua mama yako. Basi mikono yake imvishe. Atatoa kondoo, na atatoa blanketi. Lakini hiyo blanketi mama yako ataishika na mkono wake, ajifunike, Senge akiona. Akikataa mpaka mahindi yavunwe, tutarudisha kila kitu, na kila mtu ashike njia yake. Hakuna vita. Itaisha tu."

"Na mimi je?"

"Wewe?" Aliniangalia kama ndiyo mara ya kwanza ananiona. "Wewe ulimpeleka huko kufanya nini, Naliaka?"

"Kuona mayai ya tandu."

Alifunga macho. "Hiyo," akasema, "nitawaambia wenzangu aje?"

Mama alifunga mlango wa chumba chake. Alitoka tu wakati tuko shambani. Tulijua kwa sababu ya alama za maji sakafuni. Jumapili akina mama walikaa kanisani bila mwenyekiti. Nilimwekea chakula mlangoni, nikakichukua kimeliwa nusu. Asubuhi moja nikaweka mdomo kwa ufa wa mlango.

"Mama, nitoe lile kasha? Nitalitupa mtoni. Leo leo."

Nikagonga na kidole kimoja.

"Mama, niingie tu nilichukue…"

"Usiingie." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajaongea. "Umeingiza watu wa kutosha."

Nilienda kusaga mahindi nisilie hapo. Kwa mashine kulikuwa na foleni ya wanawake. Nilipofika, wakaangaliana.

"Naliaka wetu! Ati mkwe alikuwa anatafuta nini chini ya kitanda? Sufuria?"

"Wewe hujui? Tandu! Watu wa college siku hizi wanachumbiana na tandu."

"Basi mahari walete mende, bana!"

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga unga. Nilicheka nao, kwa sababu ungefanya nini? Maisha yangu yote nilikuwa nimebeba habari za watu kwenda kwa hiyo mashine. Yetu ilifika kabla yangu. Nilirudi na debe kichwani, nikipita njia ya nyuma, ile ya mtu anayedaiwa, na kila nilipokutana na mtu niligeuza uso kwa mahindi.

Blanketi ilikuja. Senge aliileta, nzito, ya mistari miekundu na ya buluu. Alisimama mlangoni pa Mama ameikumbatia.

"Mulamwa," akamwita, vile wanavyoitana wifi kwa wifi kwetu, "blanketi imefika. Si ya hivi hivi. Fungua uishike."

"Iweke hapo."

"Haiwekwi, mulamwa. Inashikwa."

Senge aliketi kwa kigoda akaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini mpaka ng'ombe wakarudi. Halafu akaamka, akaiacha juu ya kigoda, akaniambia, "Mimi nimechoka. Wewe chunga."

Nilifagia nikikizunguka hicho kigoda siku nyingi. Mvua ya Agosti ikaingia, ile baridi inayoteremka kutoka mlima Elgon na kukaa ndani ya mifupa. Nilikuwa nikiwaza Madam nikiona haya kumwaza. Labda ameshayala. Labda kelele za siku ile zilitosha. Sikuwa na haki ya kuuliza. Mtu amevunja nyumba, halafu anauliza habari ya mdudu?

Siku moja nikarudi kutoka shambani, kigoda kiko, blanketi haiko.

Nilitupa jembe nikakimbilia kwa Senge. Nilifika mpaka langoni kwake. Nikamsikia akiongea na mtu ndani, kicheko chake, vikombe. Nikasimama hapo na hiyo habari mdomoni, na nikagundua sijui ni habari gani. Labda ameichukua ajifunike. Labda ameichukua aichome. Nikageuka nikarudi nyumbani. Nilitembea.

Baada ya hapo mlango uliendelea kufungwa, na mimi niliendelea kunyamaza, mpaka asubuhi moja, mvua imekatika, niko sebuleni nachambua maharagwe.

"Naliaka."

Nilienda nikapiga magoti mlangoni. Simenti ilikuwa baridi.

"Mama."

"Wametoka."

"Akina nani?"

"Wa huyu." Kitanda kililia, alikuwa ameketi, au ameinama. "Ni weupe. Weupe kabisa, kama uzi. Hata miguu bado ni laini. Amewafunga na miguu yake yote, hataki hata hewa iwaguse."

Niliweka kiganja kwa mlango. Huko Kitale hakuna mtu aliyewahi kuona hicho kitu. Bwana Kibiwott hakuwahi. Mimi sikuwahi. Mama yangu, aliyelala amekunja miguu kwa uoga, alikuwa anakiona, na kati yangu na yeye kulikuwa na ubao.

"Mama, naweza…"

"Hapana."

Halafu akaendelea, si kwangu sana, kama mtu anayeongea na mgeni wa muda mrefu. "Huyu hajala tangu ile siku. Nilimtupia mende, akakataa. Akaniangalia tu. Nikasema basi tukae. Usiku baridi ikizidi najifunika na hiyo blanketi yenu. Mchana nawafunika wao."

Nilitaka kusema pole. Neno lenyewe niliona ni dogo, ni kama kumpa mtu kijiko azime moto. Nikasema kitu kingine, cha kijinga. "Senge anatakiwa akuone nayo."

"Senge ataona nikitaka." Kikohozi. "Enda Kitale umwambie yule kijana."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba wametoka. Si alikuwa anataka kujua? Na mwambie asije kuangalia."

"Atauliza ni wangapi, Mama."

"Watoto hawahesabiwi," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa karibu sana na mlango.

Nilimkuta Festus uani kwa baba yake, anageuza mahindi ya mbegu kwa gunia yasishike unyevu. Alikuwa amekonda. Aliponiona aliacha kazi, akanisalimia akiangalia viatu vyangu.

"Mama anaendeleaje?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na sasa yote yalikuwa na kelele mno. Nikaketi kwanza juu ya jiwe, nikaweka mikono magotini.

"Mlango bado ameufunga," nikasema. "Lakini usiku anajifunika na blanketi yako."

Alichuchumaa pale pale kando ya gunia, akafunika uso na mikono miwili, vumbi la mahindi na yote. Sikumgusa. Nilingoja mpaka akaondoa mikono usoni mwenyewe, ndiyo nikamwambia ile nyingine, ya chini ya kitanda.